Mwenye Nyumba ya C 18

Kindu, Kasuku, tarehe 8 mwezi wa munane 1957

Kwa mutoto wangu Florentin Mukuna, kule Kongolo.

Kama barua hii inakukuta umekaa, usisimame. Hakuna muntu amekufa. Naanza na neno hilo maana najua vile moyo wako unaruka ukiona mwandiko wangu.

Sisi tuko wazima. Dada yako Jeannette anakusalimia sana. Mutoto wake ameota jino la kwanza, analijaribu kwa titi la mama yake, basi asubuhi yote iko kelele. Kuku yako ya madoa bado inataga chini ya kitanda changu, sijue nani aliifundisha. Mafua yangu imeisha. Na wewe, unakula? Désiré wa treni, anayetubebea barua, anasema umekonda. Nilimwambia anifiche ikiwa ni kweli, akasema basi umenenepa.

Barua yako nimeisoma mara ine, mbili kwa macho na mbili kwa mudomo nikimsomea Jeannette. Ya kwamba masomo yako ya ukarani wa stesheni yanaisha. Ya kwamba mwezi wa kwanza utakuja kufanya kazi hapa hapa Kindu. Ya kwamba biro, ofisi ya kambi ya reli, imekwisha kukuandikia nyumba, C 18. Niliweka karatasi chini nikacheka peke yangu. Jérôme, baba ya muchumba wako Claire, hajabadili neno lake, binti yake haendi kwa mwanaume anayelala chumba cha mabachela. Sasa atatafuta neno lingine.

Unaniuliza C 18 iko upande gani, kwa sababu walipiga namba mpya za rangi nyeupe kwa nyumba zote baada ya wewe kuondoka. Iko kwa safu ya tatu. Ina jiko nyuma. Utaiona ukifika, mutoto wangu, haraka ya nini.

Neno lingine. Babu yako Mpoyi amepewa karatasi. Iko sheria mupya. Mufanyakazi akitimiza miaka makumi sita, kazi inaisha, nyumba ya kambi anaiacha ipewe kijana, na yeye anarudishwa kwao. Kitabu chake kinasema alizaliwa 1897. Wamemupa mpaka tarehe 30 ya mwezi wa kumi na moja. Na "kwao" wameandika kule Kasai, kijiji alichokitoka akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Nani atamupokea kule? Hata lugha yao anaisema na makosa, mama yangu marehemu alikuwa anamucheka.

Nilienda kwa shefu wa sité, mukubwa wa mutaa wetu, kuomba akae na mimi hapa. Alinipokea vizuri, alinipa kiti. Akasema mwenye kitabu cha kazi anakaa mujini kwa ajili ya kazi, na kazi ikiisha kitabu kinamuonyesha njia. Nilimushukuru kwa kiti.

Muzee mwenyewe, kila siku akitoka dipo, pale kazini kwa treni, anapaka chokaa ukuta wa jiko. Nyumba anayoiacha, anaipaka chokaa. Nilimuuliza, akasema ukuta ulikuwa muchafu.

Usimuandikie bado. Kula.

Mama yako, Victorine Bitota


Kongolo, tarehe 29 Agosti 1957

Mama mpendwa,

Nimepokea barua yako pamoja na mihogo mikavu na karanga. Désiré alikula karanga kidogo njiani, alikiri mwenyewe. Mimi niko mzima na sikukonda, suruali ndiyo imepanuka. Mtihani wa telegrafu nimeupita, wa pili katika watu kumi na wanne. Mbusu mtoto wa Jeannette kwa niaba yangu, mbali na jino.

Habari ya babu imenisumbua siku nyingi. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma saa, akinibeba mabegani mpaka chini ya saa ya stesheni. Sipendi aende Kasai. Nimeuliza hapa kwa wakubwa kama mfanyakazi anaweza kuandikisha babu yake nyumbani mwake. Wamesema nyumba ni ya mume, mke na watoto, basi.

Lakini mama, usinikasirikie nikisema na upande wetu. Sisi hapa tunalala sita chumba kimoja. Jacques, rafiki yangu wa kitanda cha jirani, ana miaka ishirini na tisa. Ameomba nyumba tangu 1951. Mchumba wake alingoja miaka minne, mwisho wazazi wakamwoza kwa fundi cherehani, na Jacques aliitwa kucheza ngoma kwenye harusi ile, akaenda. Wazee wengi waliingia nyumba za kambi wakiwa na miaka ishirini na kitu. Wakaoa humo, wakazaa humo, wajukuu wao wanakimbia humo. Sisi tungoje mpaka lini? Kazi tunafanya ileile, na mashine za leo zinataka macho mazuri na kusoma. Sheria hii ni kali, ndiyo. Ila kama hakuna anayetoka, hakuna anayeingia.

Sisemi babu atoke. Nasema tu kwamba mzee wa C 18, yeyote yule, alipata zamu yake ndefu, nami nimuombee heri nikiingia kwa zamu yangu. Ukimfahamu, mwambie nitaitunza nyumba yake.

Niandikie habari za Claire. Barua zake ni fupi, nadhani baba yake anazisoma kwanza.

Mwanao, Florentin


Kindu, tarehe 19 mwezi wa kenda 1957

Florentin mutoto wangu,

Salamu nyingi. Wa pili kwa watu kumi na wane. Nimeambia soko lote la Kasuku, mpaka mwanamuke wa samaki akaniuliza nani alikuwa wa kwanza. Nilimujibu ninayemujua mimi ni wa pili. Claire muzima, amenisaidia kutwanga juma lililopita, ana mukono wenye nguvu na hasemi ovyo. Jeannette ana homa kidogo, si kitu.

Nilianza barua hii mara tatu. Sikusoma mingi, masista walitufundisha wamama kuandika majina na orodha ya vitu vya kununua, hawakutufundisha kuandika neno kama hili. Ninakuandikia vile liko.

Mzee wa C 18 ninamufahamu. Umemutumia salamu, nimeshindwa kuzipeleka. Nyumba yenye mulango wa kijani, wewe ulizaliwa mule, ukajifunza kutembea ukishika kitanda cha bibi yako, namba yake ya zamani ilikuwa 47. Sasa ni C 18.

Mimi nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilicheka nikisoma, na nilipofika kwa ile namba nilikuwa bado ninacheka, mudomo haukujua kusimama. Sikukuambia. Nilifikiri labda wakubwa watabadilisha. Nilifikiri pia kitu kingine, nakuungamia kama kwa padri. Siku moja mzima nilifikiri, muzee aende tu polepole, mutoto aingie, aoe, nami nipate wajukuu karibu. Baba yangu mwenyewe. Kesho yake nilimupelekea samaki, sikuweza kumuangalia.

Lakini na wewe usisikie haya juu ya maneno yako. Jacques ana haki. Hata mimi nimemulilia Jacques. Shida yangu ni kwamba wanawasukumanisha ninyi wawili kwa mulango mumoja, kijana na muzee, na pale karibu na mto iko matofali ya nyumba mupya imelala tangu mvua ya mwaka jana, majani yameota juu yake. Hiyo hakuna muntu anaiuliza miaka yake.

Nilimuuliza muzee, Baba, ni kweli uko na miaka makumi sita? Akacheka mpaka akakohoa. Alinieleza kitu hata mama yangu hakunielezaka. Mwaka 1919 walikuwa wanaandika watu wa kazi hapa Kindu, na walitaka wanaume, hawakutaka watoto. Muzungu wa kuandika hakuuliza miaka, nani angejua. Alisema inua mukono, akaangalia kwapa. Mwenye nywele anaandikwa, asiye nazo anafukuzwa. Babu yako alikuwa na miaka kumi na sita na kwapa safi kama sahani. Alikuwa anataka kumuoa bibi yako, na wazazi wake walisema waone kazi kwanza. Basi akasugua masizi ya chungu na mafuta ya mawese chini ya mikono yote miwili, akasimama mbali kidogo na jua, wakamuandika mwanaume wa miaka makumi mbili na mbili. Miaka sita aliipata kwa masizi. Sasa inamudai.

Anasema karatasi ya kweli ingekuwa ya ubatizo. Alibatizwa hapo hapo Kongolo, misheni ya kando ya mto, akiwa mutoto, na padri aliandika miaka yake. Lakini vitabu vya zamani, nani anavitunza.

Ninakueleza tu habari ya muzee. Sikuombi kitu.

Mama yako


Kindu, tarehe 31 mwezi wa kumi 1957

Mutoto wangu,

Treni sita zimekuja. Kila mara Désiré ananiona niko pale stesheni, anainua mikono mitupu kabla hajashuka, ili nisingoje. Ni muntu muzuri.

Uko mugonjwa? Umenikasirikia? Kama umenikasirikia, andika ya kwamba umenikasirikia, mistari miwili inatosha. Jeannette amepona. Muzee amemaliza ukuta wa jiko, sasa anatengeneza bawaba za mulango. Ninakaa kwa kizingiti namutazama, na ninahesabu siku zilizobaki bila kutaka.

Niliandika vibaya. Nilisema sikuombi kitu, ni uongo. Lakini hata sasa siombi.

Mama


Kongolo, tarehe 7 Novemba 1957

Mama yangu,

Kaa chini wewe sasa. Mimi ni mzima, sikukukasirikia hata siku moja.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi iliyokunjwa mara mbili. Usiifungue kwa mikono ya mawese. Ni nakala kutoka kitabu cha ubatizo, padri ameiandika mwenyewe na kupiga muhuri. Inasema: Pasaka ya mwaka 1912, Mpoyi, mtoto wa kiume, amekuja na mjomba wake Kankolongo kutoka Kasai, miaka kama tisa. Hesabu mwenyewe. Babu ana miaka hamsini na minne. Bado miaka sita afike kwenye sheria yao.

Sasa nitakueleza kwa nini treni sita zilikuja mikono mitupu.

Barua yako niliipokea tarehe 25 Septemba. Niliisoma kwenye stuli ya telegrafu, nikatuma saa ya treni vibaya, wakanikaripia. C 18. Nilikuwa nimekwisha kuichora kwenye daftari, mama. Kitanda hapa, meza hapa, mashine ya kushona ya Claire chini ya dirisha. Niliangalia ule mchoro nikaona nimekiweka kitanda changu mahali pa kitanda cha bibi.

Jumapili mbili nilikwenda misheni. Padri ni mzee, masikio mazito, vitabu vimeliwa na mchwa pembeni. Ya kwanza hatukuona kitu. Ya pili, tarehe 13 Oktoba, tukauona ukurasa. Tangu siku ile karatasi hii ilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya shati la harusi. Wiki tatu na zaidi. Kila treni ilipoondoka nilisema, juma kesho. Nilijua tarehe 30 ya Novemba inakuja. Nilijua kwamba nikinyamaza tu, bila kufanya ubaya wowote kwa mikono yangu, nitapata nyumba.

Jacques ndiye aliyenitoa. Sikumueleza, aliona karatasi nilipokuwa nabadili shati. Akaisoma yote, akairudisha, akasema, "Mimi nimekosa nyumba miaka sita, na bado babu yangu akiniona anafurahi." Kisha akalala akaugeukia ukuta.

Mama, ukiipeleka karatasi hii biro, C 18 haitakuwa yangu, na Jérôme atasema lile neno lake. Ipeleke. Nimemwandikia Claire mwenyewe, sijui atajibu nini.

Nayasema bado yale ya vijana, sikuyaacha, na nikifika huko nitaingia kamati ya wafanyakazi. Ila nilitaka mzee fulani atoke, nisiyemjua. Nikagundua kwamba hakuna mzee nisiyemjua, kila mmoja ana mtu kama wewe kwenye kizingiti.

Usimwambie babu habari ya wiki tatu.

Florentin


Kindu, tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1957

Florentin, mutoto wa tumbo langu,

Leo unaweza kusoma umesimama, umekaa, unavyotaka. Iko habari nzuri na iko moja ya kuuma. Jeannette na mutoto wazima, meno sasa matatu. Kuku yako imehamia kitanda cha Jeannette. Mimi nimelala usingizi juma mzima, mpaka jirani alikuja kuangalia kama ninapumua.

Habari ya wiki tatu sikumwambia muzee. Nilimusomea barua yako na nikaruka pale. Aliniambia, "Umeruka mahali, Bitota, sauti yako imepanda." Akasema wiki tatu si kitu, yeye alisema uongo miaka makumi tatu na minane. Alijua, sijue namna gani. Na kumbe alijua mambo mengine, nitafika pale.

Tulienda biro siku ya kwanza ya juma, mimi na yeye, na karatasi ndani ya sahani mbili ili isipate jasho. Muzungu wa kambi si mubaya, ana haraka tu. Alisoma muhuri, akafungua dosie ya karatasi za muzee, akaangalia 1897, akaangalia 1912, akatoa miwani. Karani alitafsiri, kwa nini ulidanganya miaka wakati wa kuandikwa?

Baba yangu alisimama sawasawa, kofia mukononi. Akasema, "Mimi sikusema miaka, Monsieur. Niliinua mukono tu. Aliyeangalia ni ninyi."

Karani aliogopa kutafsiri. Kisha akatafsiri. Muzungu aliangalia dirisha kwa muda, mabega yanatikisika, na alipogeuka uso ulikuwa tena wa kazi. Akaandika 1903 kwa wino mwekundu. Kazi mpaka 1963.

Karani akasema, basi C 18 tunamufutia yule kijana. Hapo nilisikia baridi, maana hata mwenye kushukuru anasikia baridi. Lakini muzee hakuwa amemaliza. Alisema nyumba ya vyumba viwili ni ya mwanaume mwenye bibi au aliyeandikisha muchumba, sheria yao ndiyo inasema hivi, na bibi yake yeye iko kwa makaburi tangu miaka ine. Amekaa mule peke yake na redio iliyokufa. Mufanyakazi asiye na bibi haki yake ni chumba kimoja kule kwa mabachela. Akasema, nipeni chumba changu, na nyumba iacheni kwa jina lililoandikwa.

Walitafuta ndani ya sheria kama iko neno linakataza. Hawakuliona.

Tulipotoka nilimuuliza, Baba, tangu lini unajua jina lililoandikwa? Akasema tangu siku walipobandika orodha kwa mulango wa dipo, kabla hata ya barua yako. Hajui kusoma sana, lakini jina la Mukuna analijua, alikufundisha yeye kuliandika. Kumbe ile chokaa yote, zile bawaba, ilikuwa ya nani? Nami nilikuwa namutazama kila siku na sikuona.

Basi sasa babu yako iko bachela. Vijana wa kule wanamuita Mudogo, wanamuinulia mikono akipita ili akague kwapa. Anawatukana vizuri sana. Amewakataza kutupa maganda kwa baraza.

Jérôme alikuja mwenyewe, na Claire nyuma yake. Claire alisema mbele ya baba yake kwamba barua yako ya kwamba huna nyumba ndiyo barua ndefu ya kwanza umemuandikia, na ameiweka. Jérôme alikohoa. Akauliza harusi ni tarehe gani.

Ya kuuma ni Kalume, yule fundi wa boila, jirani wa muzee upande wa kushoto. Yeye hakudanganya miaka. Makumi sita yake ni kamili, karatasi zake zote zinasema mamoja. Alipanda treni tarehe 30 na godoro lake na kuku watatu ndani ya kitunga, kwenda kwao upande wa Kabambare ambako hana nyumba. Nyumba yake imepewa kijana muzuri mwenye bibi wa mimba. Huyo kijana alimubebea godoro mpaka stesheni, hakujua pa kuangalia. Muzee wetu alimubebea kitunga. Nilisikia furaha yangu inaona haya. Unasema ukifika utaingia ndani ya ile kamati ya wafanyakazi. Uingie. Uwaulize juu ya yale matofali.

Funguo ya C 18 ninayo mimi. Ninafagia kila siku, ninapika mule ili jiko lizoee. Nimemwambia muzee akitoka kazini aje kula. Anakuja, saa yake ileile. Lakini anasimama inje ya mulango wa kijani, mulango aliouchonga yeye, kofia mukononi kama siku ile ya biro. Ninamwambia, Baba, ingia, chakula kinapoa. Anasema hapana, anangoja mwenye nyumba amukaribishe.

Ninampelekea sahani pale kwa kizingiti. Fanya upesi, mutoto wangu. Muzee iko inje.

Mama yako, Victorine Bitota